Bastola ya mti jikoni kwangu

Jumatatu. Mvua ilianza alfajiri na sasa imekatika, lakini mawingu bado yamenuna, na mimi nimenuna nayo.

Ghati mwanangu, najua wewe ndiye wa kwanza kufungua hapa, maana ndiwe uliyenitengenezea hii blogu ukasema mama, badala ya kunipigia simu unalia, andika. Haya, naandika. Hujambo huko Dodoma? Huku bibi yako Robhi hajambo, ila magoti yanamsumbua na hii baridi, kutwa yuko karibu na moto. Baba yako hajambo, anakohoa kidogo lakini ukimwambia anakohoa anabisha. Wifi yako Bhoke hajambo, yuko shambani anapalilia mihogo. Nyangi wake ameng'oka meno mawili ya mbele, hacheki mpaka azibe mdomo na kiganja. Mdogo wako Chacha bado yuko Ringwani kwa mjomba wenu, wanafyatua tofali, anasema anawasalimu wote. Ng'ombe nao wazima, yule mwekundu amezaa. Na ninyi wengine mnaosoma, wa hapa Nyarero na wa mbali nisiowajua, nawasalimu kila mtu kwa jina lake.

Kaka yako Mwita naye hajambo. Ndiye aliyenikasirisha.

Kwa wasiomjua, Mwita ni mtoto wangu wa kwanza. Ana mke, ana mtoto, nyumba yake iko hapa hapa kwenye mji wetu, ng'ambo ya zizi. Kazi yake ni kununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo kule machimboni. Anakwenda na mzani mdogo kwenye begi, anarudi na vipunje kwenye karatasi. Watu wanajua anachobeba. Mwaka jana walimsubiri kwenye mahindi, pale njia inapoinama kuelekea mtoni, wakamkata panga mkono wa kulia, wakachukua kila kitu. Alifika nyumbani amejifunga shati lake mwenyewe kwenye ule mkono. Mimi ndiye niliyefungua mlango.

Kwa hiyo aliposema ataomba kibali cha bastola, sikupiga kelele. Watu walidhani nitapiga. Nilienda chumbani nikapiga magoti, nikarudi nikaendelea kuchambua maharage. Niliishia darasa la nne, mambo ya sheria siyajui, lakini mkono wa mwanangu naujua. Amezunguka kwenye ofisi zao, wamemhoji, majirani wamehojiwa, na baba yake amehojiwa. Kibali kimetoka.

Kilichobaki kilikuwa kuchagua. Kubwa au ndogo.

Sikujua kwamba mtu anaweza kuongelea kitu kama hicho kwa muda mrefu namna hiyo. Kila jioni alikuja Masanja, rafiki yake wa machimboni, kijana wa Kisukuma aliyetoka Shinyanga, ana maneno mengi na ana adabu. Masanja anayo yake, ile kubwa, anayo kwa kibali. Anasema anajuta. Akipanda pikipiki inamchoma nyonga, jua likiwaka lazima avae koti, asipovaa koti shati linafanya kinundu, na watu wakiona kinundu wanaanza kumwita mkubwa. Anasema ndogo unaichomeka kiunoni ndani ya suruali, unavaa fulana ya kawaida, unakula ndizi zako sokoni, hakuna anayekutazama mara mbili.

Baba yako alikuwa upande wa kubwa. Alisema Mwita ana viganja kama masinia, kile kidogo atakishika na vidole viwili, vingine vitaning'inia. Na tena ule mkono ulikatwa, hauna nguvu ya zamani. Masanja mwenyewe alikubali kwamba ndogo inarusha mkono zaidi, na risasi zake ni chache, na ukiwa na hofu ni rahisi kukosea. Baba yako akasema, basi mkosaji anakosa mwizi anampata mtoto wa mtu anayetoka kuchota maji. Hapo nilimuunga mkono moyoni, ingawa kwa mdomo sikumuunga, asije akavimba kichwa.

Lakini na mimi niseme ukweli. Kuna usiku nilikuwa upande wa ndogo. Niliwaza, wakiiona kubwa kiunoni mwake, hao wa kwenye mahindi hawatataka tena dhahabu, watataka bastola yenyewe, na hawataanza na mkono. Nikawa kila nikilala nabadilisha. Leo kubwa, kesho ndogo. Mama mzima nalala naota kiuno cha mwanangu.

Mwita akaona maneno hayatoshi. Akachukua mti wa mgrivea, akachonga bastola mbili. Moja urefu wa ile ya Masanja, moja fupi kama ile aliyoonyeshwa dukani Mwanza. Akafunga vipande vya nondo kwa mpira wa tairi ziwe nzito. Anajua kuchonga, alichukua kwa babu yake. Akasema atatembea nazo kwa zamu, aone ipi inajificha na ipi inamsaliti, kabla hajatoa hela yake.

Ile kubwa ilimsaliti msibani. Tulikwenda kuzika kwa jirani, Mwita akashika koleo, akainama, shati likapanda, mpini ukachungulia. Waliokuwa nyuma yake walirudi hatua. Hawakujua ni mti. Koleo ilipofika zamu ya kupokewa, hakuna aliyesogea kuipokea. Alifukia kaburi karibu lote peke yake. Nilimwonea huruma, na pia nilijisemea, sawa, watu wameona, watu wamejikalia mbali, hakuna aliyeumia.

Hiyo ndiyo silaha ninayoijua mimi. Inaonekana.

Nikueleze vizuri, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipo. Nilipoolewa kwenye mji huu, baba mkwe wangu alikuwa hai. Mzee yule alikuwa mkali, hata mbwa walimwamkia. Lakini akija nyumbani kwa mke wake, mkuki anauchomeka nje, upinde anautundika chini ya nyasi za paa, ndipo anainama kuingia. Mgeni naye hivyo hivyo. Nyumba ni ya mama, moto ni wa mama, kitu cha kuua kinabaki nje. Baba yako mpaka leo panga lake linalala kwenye gogo pale mlangoni, hata kama amechoka namna gani, hata mvua inyeshe. Hakuna aliyetuandikia. Tumekuta hivyo.

Na ukiona mkuki nje, unajua nani yuko ndani, na unajua umkabili namna gani akitoka.

Sasa sikia alichofanya kaka yako.

Wiki iliyopita alikuja jikoni kwangu kunisalimia. Shikamoo mama, marahaba tata, baba yangu, kaa. Nikampa kigoda, nikampa ugali wa mtama na mlenda, akala akamaliza. Halafu nikafanya kama ninavyofanya siku zote akija, nikachukua samli nikamsugua lile kovu la mkono, maana mvua zikianza linakaza. Nilikuwa nimeinama juu yake, kichwa changu karibu kiguse kifua chake. Nikamsugua taratibu mpaka vidole vikafunguka. Nikamwombea kwa sauti, nikasema Mungu mzuie mwanangu na vyuma vya watu. Akasema amina.

Na wakati huo wote ile fupi ilikuwa kiunoni mwake.

Mimi sikujua. Nilikuja kujua juzi, natoka kukamua, nikamsikia anamsimulia Masanja nyuma ya zizi. Anacheka. Anasema amemaliza mtihani, amechagua ndogo, kwa sababu amekaa na mama yake goti kwa goti, amekula, amesuguliwa mkono, na mama hakuona kitu. Masanja naye akasema kama mama mzazi hajaona, jambazi ataonea wapi. Wakagongesha viganja.

Maziwa yalinimwagikia mguuni.

Ghati, unajua mimi si mtu wa kugomba. Nikikasirika naosha vyombo. Juzi sikuosha kitu. Nilikwenda moja kwa moja pale nyuma ya zizi na ndoo yangu. Masanja aliponiona akavua kofia, akaniamkia shikamoo mara mbili, akakumbuka ana safari.

Nilimuuliza Mwita kwa nini ameniletea kile kitu ndani. Akasema ni mti tu, mama, hata panya hafi. Nikamwambia leo ni mti. Akasema alikuwa anajaribu tu. Nikamuuliza, alikosa pa kujaribia, soko lote lile, machimbo yote yale, mpaka aje kwenye moto wangu. Akakwaruza chini na kiatu kama alivyokuwa anafanya akiwa mdogo. Halafu akasema lile neno.

"Mama, maana yake yote ni watu wasijue."

"Mimi ni watu?"

Aligeuka akaenda kufunga zizi. Nilisubiri mpaka ng'ombe wakaanza kulia.

Tangu hapo linanizunguka kichwani. Mimi ni watu? Nimelibeba hilo tumbo, nimeosha huo mkono ukitoa usaha, leo mimi ni sehemu ya wale wanaofichwa. Baba yako anasema naongeza chumvi. Anasema kijana hakuwa na nia mbaya. Najua hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana inaniuma, angekuwa na nia mbaya ningejua pa kumshika.

Na hofu yangu haiko kwa majambazi peke yao. Mwita ni mpole, lakini mpole wa Kikurya unamjua mwenyewe, akichokozwa. Shemeji yake, kaka wa Bhoke, akija kutoka Nyanungu huwa wanataniana vibaya, wanasukumana, yule anapenda kumpiga kifuani na kumwambia wewe mura gani, mwanamume gani unayekatwa na watoto kwenye mahindi. Mara nyingi huishia kwenye kucheka. Siku moja haikuisha kwa kucheka, mmoja alishika panga, mwingine akaliona panga, akakaa chini. Kuona kulimkalisha. Sasa niambie, siku atakapomsukuma na hajui kiunoni kuna nini, ni nini kitamkalisha?

Na mimi nitakuwa pale, na chungu mkononi, sijui kitu.

Bhoke nilimuuliza jana tukitoka kanisani. Yeye alikuwa anajua. Alisema Mwita alimwambia asiniambie. Halafu machozi yakamlengalenga, akasema mama, mimi nataka ndogo kwa sababu nikiiona kubwa usiku sitalala, ndogo naweza kujisahaulisha. Sikumgombeza. Ni binti wa watu, ana wasiwasi wake, na mimi nina wangu. Lakini niliwaza, huyu anataka kusahau na yule anataka kuficha, na kile kitu kitakuwa kinalala katikati yao na Nyangi.

Jana jioni nilimwita Mwita, nikamweleza mbele ya baba yake, polepole, bila kelele. Nikasema sikukatazi. Mkono wako umekatwa, sina uso wa kukukataza. Chukua kubwa kama baba yako anavyotaka, chukua ndogo kama Masanja anavyotaka, pesa ni zako na kiuno ni chako. Lakini mlangoni kwangu utasimama, utasema, mama ninayo. Basi. Useme kwa mdomo wako. Ukiisha kusema tutaangalia pa kuihifadhi, baba yako ataifungia kwenye lile sanduku la chuma alilonunua, funguo anazo yeye. Lakini useme.

Alitazama chini. Akasema, sasa mama kila siku nisimame mlangoni nitangaze, jirani akisikia? Nikasema nong'ona. Akacheka kidogo, na baba yako akacheka, wanaume wakacheka wote wawili, na nikaona wamelichukulia kama ni maneno ya mama.

Sikucheka.

Leo alfajiri, mvua ikinyesha, amepanda gari kwenda Mwanza kuichukua. Hakupita kuniaga. Bhoke anasema Mwita aliona nimelala. Sikuwa nimelala, nilikuwa nimekaa kitandani nimevaa viatu. Nimempigia, simu haipatikani. Labda mtandao, labda mvua. Labda anajua ni mimi.

Nimekaa hapa nimekasirika, na chini ya hasira naogopa, na chini ya hofu nampenda mpaka kifua kinaniuma. Nikisema sitaki arudi nacho, nawaza mahindi. Nikisema arudi nacho, nawaza kigoda changu. Hakuna upande wa kulalia.

Lakini nimekata shauri moja, na naliandika hapa kila mtu alione. Mwita asiponiambia, hataingia. Sitamfukuza kwenye mji, ni mji wake. Sitamnyima chakula, mimi ni mama yake. Nitampakulia, nitamsugua na huo mkono, lakini uwanjani, kama mgeni wa njia ambaye hatujui ametoka wapi. Majirani watauliza. Wacha waulize. Nitalia nikisha kuingia ndani, lakini sitabadilisha.

Ghati, wewe kaka yako anakusikiliza, na simu yako hawezi kuacha kuipokea. Mpigie leo leo, akiwa bado Mwanza. Usimuulize amechukua kubwa au ndogo, hilo nimechoka nalo. Muulize kama atakuwa ananiambia. Akisema ndiyo, akisema hapana, hata akinyamaza, nitumie neno haraka kabla jua halijazama, nijue sahani yake ya leo naiweka ndani au naiweka nje.