Simu Ilizima Shangazi Akiulizwa Kama Ameridhika

Mpendwa Mama Gumbo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana sina raha. Mshenga wa mchumba wangu Simbarashe alikuja kwetu Gweru kuniposa, na kwetu baba hapokei kitu mpaka dada yake aseme ananifahamu vizuri na ameridhika, sasa shangazi Rumbidzai yuko Uingereza, tukampigia kwa intaneti kwa simu yangu, umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, naye akataka picha, akataka kumwona kila mtu, akampigia mshenga makofi ya heshima, akauliza, "Na huyo aliyekaa mlangoni ni mtoto wa nani, mbona amekonda hivyo?", akaomba aonyeshwe na ng'ombe, na baba alipomuuliza, "Dada, tupokee?" simu ikazima.

Mshenga akachukua kofia yake, akasema, "Nadhani nimejibiwa." Baba anamlaumu shangazi kwa domo lake, na shangazi amenuna, hapokei simu zetu. Lakini Mama, ukweli ni kwamba asubuhi ile nilikaa kwa muda wa saa mbili nikimwonyesha Simba nguo kwa simu ya picha, chaji ikabaki robo, na sijamwambia mtu. Mshenga anarudi Jumamosi kwa mara ya mwisho, na kwa ratiba ya mgao umeme hautakuwepo. Nifanyeje?
Nyaradzo

Nyaradzo mwanangu, pole, ingawa nimecheka. Simba ameonyeshwa nguo, mshenga wake kaonyeshwa kioo cheusi.

Zima picha. Shangazi anahitajika kusema, si kutazama. Punguza mwanga, funga programu nyingine, na spika iwashwe wakati wa kujibu tu. Simu inayohangaika kutafuta mtandao hula chaji upesi, kwa hiyo mwombeni jirani mwenye umeme wa jua chaji na Wi-Fi yake, mkae karibu. Akikosekana, zima Wi-Fi, mkae pale mtandao unaposhika. Mtu mzima hakatishwi salamu. Mpigieni Ijumaa asalimie ukoo mzima mpaka ashibe, Jumamosi libaki swali moja. Na Simba siku hiyo umwache, mahaba hayaozi.

Hayo ni ya simu. Wewe una lako. Umemwachia shangazi abebe aibu yako, kisha unamtegemea aseme anakufahamu. Mwambie baba leo, na shangazi mtumie ujumbe wa sauti: "Shangazi, chaji niliimaliza mimi." Atakugombeza, vumilia. Akimaliza kukugombeza, ndipo atakuwa anakufahamu.