Mafiga Kwenye Kiwanja cha Gesti

Jumapili, 8 Juni 2003
Ulikuwa wapi wewe mwanamke? Tangu Pasaka hujaligusa daftari hili. Mwalimu wa kisomo kule Ihanda alichoka bure kukushika mkono ukiwa na mvi tayari. Tazama herufi zako, zimeinama kama kuku mwenye mdondo. Aibu.

Haya. Nimefagia uani. Nimemfokea mpangaji wa chumba cha tatu kwa kumwaga maji machafu mlangoni, kisha nimempa uji, maana anakohoa. Vyumba sita, choo kimoja. Havinitajirishi. Havinisumbui.

Ayubu mwanangu amekuja na karatasi za benki. Anataka niweke hati ya vyumba dhamana, tujenge gesti ya ghorofa kwenye kile kiwanja nilichonunua mwaka jana, nyuma ya maegesho ya malori. Eti kitanda cha gesti kwa siku nne kinaleta kodi ya mpangaji ya mwezi. Nikauliza, madereva wasipolala? Akacheka. "Mama, foleni ya mpakani iko palepale. Watalala wapi?"

Mambo yakienda mrama, vyumba vinauzwa. Mimi nje. Wapangaji wangu nje. Sijatia sahihi.

Jumanne, 10 Juni
Ayubu ametanguliza fundi kuchimba msingi. Haraka ya baba yake.

Nimekwenda kuona, mikono ina chokaa, nilikuwa napaka chumba cha nne. Kona ya kiwanja pana mafiga matatu. Nikashika moja. La moto. Majivu mapya. Nyasi kuzunguka hazijakanyagwa hata na panya. Alama ya vidole vyangu imebaki kwenye jiwe.

"Bibi, hapa kuna mtu anatutangulia kuamka," kasema fundi. Tumecheka. Mimi kidogo.

Alhamisi, 12 Juni
Fundi kang'oa mafiga, kayatupa kwenye msingi, kamwaga zege juu. Nilisimama pale nikaona. Nilipaswa kumzuia.

Jumamosi, 14 Juni
Yamesimama tena. Palepale. Zege ni zima, halina hata ufa. Na jiwe moja lina vidole vinne vya chokaa. Nimeweka mkono wangu juu yake. Vimelingana.

Fundi kakusanya vyombo vyake. "Bibi, mimi nina watoto." Kaondoka.

Ayubu anasema ni wahuni. Wahuni gani wanatoboa zege halafu wanaliziba?

Naogopa.

Jumatatu, 16 Juni
Nimemkalia mlangoni dalali aliyenipatia kile kiwanja mpaka akatoka. Kumbe aliyeuza ni mpwa. Kiwanja kilikuwa cha shangazi yake, bibi kizee, alikuwa na kibanda hapo. Kibanda kilibomolewa. Na bibi alihamia wapi? Dalali akaangalia viatu vyake.

"Sikumuona akitoka."

Mama yangu alinifundisha: mwanamke akihama, anaangusha mafiga yake kwa mkono wake mwenyewe. Yakiwa yamesimama, hajahama. Nilinunua bila kuuliza hilo. Mimi! Nilitazama bei na barabara tu.

Jumatano, 18 Juni
Ayubu kaja na kalamu. Nimekataa. Kasema naogopa moshi, kasema nitakufa na choo kimoja. Sawa. Choo hicho nakijua. Gesti ina benki, ina wahudumu, ina kibali, na sasa ina mwenyewe.

Kanuna. Nimempikia ugali na maharage, kala kanipa mgongo. Kamaliza sahani. Ananipenda, mjinga huyu. Nami nampenda, ndiyo maana sikusaini.

Hati nimeirudisha sandukuni.

Jumapili, 22 Juni
Nimepeleka unga na chumvi. Nikapiga hodi kwenye kiwanja kitupu. Nikakaa chini, nikaomba radhi kwa yale mawe.

Upepo wa Tunduma ulinipiga mgongoni. Moshi mwembamba ukanijia usoni.

Nimekaa mpaka unga ukabaki nusu, bila mkono wangu kuugusa.

Ukirudi kwenye daftari hili, usianze na hesabu za gesti. Nenda kwanza kashike majivu. Yakiwa ya moto, acha unga, urudi nyumbani. Mafiga yakiwa yameangushwa, muite Ayubu aje na kalamu.