Bugali Yangu Mu Komite ya Amani

Alhamisi, Cimpunda

Na bado wananicheka! Mimi niliyewapatanisha.

Jana Bahati, wa kabila ya Bashi kule Nyantende, na Amisi, wa kabila ya Balega kule Shabunda, walitukanana kabila mu klasi. Leo asubuhi kila mumoja alikuja na watu wa kwao, mawe mu mifuko. Niliogopa kabisa.

Mu komite yetu ya amani ya wanafunzi walitufundisha kama watu wakikula pa sahani moja, hasira inashuka. Basi ku récréation, saa ya kupumzika, niliwaketisha wote wawili, nikafungua bugali na samaki wadogo wa sambaza. Nilipika mwenyewe.

Amisi akatia tonge mu kinywa, akaacha kutafuna. "Bahati, hii bugali iko na unga mubichi ndani!"

Bahati akaruka: "Ndugu yangu, tema! Ukikufa, batasema ni sisi Bashi tulikuua!"

Klasi nzima ikalipuka kwa kicheko. Mawe waliyatupa nyuma ya vyoo.

Nilikuwa naosha sahani, nimenuna, préfet wa masomo, mukubwa wa shule, akaniita vile anaitaka wasichana wote. "Maman, wa quatrième, klasi ya nne, nao wanataka kupigana. Kesho utawapikia?"

Nikaitika haraka. Nikawaza, angalau mutu mumoja ameheshimu mikono yangu.

"Lakini pika vile vile," akasema. "Usijaribu kuiivisha."