Karatasi ya Eskilia: Kwa Mama yetu, Ingegerd Sandelius

Mwaka umetimia, Mama, tangu asubuhi ile ya Februari ulipotuaga hapa Uppsala.

Mezani bado tunakula mkate wa kisibiti, lakini hakuna anayeuchokoa. Wewe hukumaliza kipande bila kuchomoa punje moja, kuikata kwa wembe, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, na kuhesabu vijifereji vya mafuta ndani yake. Aliyethubutu kuiita mbegu, amekwisha. "Mbegu? Hilo ni tunda, mwanangu! Miaka yote hii nimemfundisha nani?" Nasi tulisema mbegu makusudi, ili tukusikie.

Wanafunzi wako wa elimu ya mimea uliwapikia kahawa na kuwaonya waandike majina ya mimea kwa penseli, yafutike, maana karoti na mmea wa sumu hufanana hadi upasue tunda.

Ujanani ulipata mmea katika milima ya Uturuki ambao tunda lake halikufanana na lolote. Ukaupa kundi lake peke yake, ukaliita Eskilia, kwa jina la baba yako Eskil, fundi wa reli aliyekufundisha kukausha maua kati ya magazeti. Babu alitembea na jina lile mfukoni, limekatwa gazetini, mpaka alipofariki.

Miaka minne iliyopita vipimo vya vinasaba vikasema vingine. Mmea ule ulikuwa wa kundi la zamani linalojulikana. Tunda lake lilijibadili tu ili lipeperuke na upepo. Ulipima mara tatu. Kisha ukaandika kwa mkono wako kwamba Eskilia si kundi la peke yake. Ulilia jikoni siku hiyo, tulikuona.

Mjomba Sixten, ndugu yako, akawaka.

"Yaani unamfuta baba kwa ajili ya mashine?"

"Sijamfuta mtu, Sixten. Njoo kazini nikuonyeshe."

"Nije nione nini? Kaburi lake la pili?"

Hakuja. Agosti tatu mfululizo, kwenye karamu yetu ya kila mwaka, tulikula kamba wa mtoni waliochemshwa na majani ya shibiti bila yeye, na kila mara ulimwekea sahani. Ukaondoka hamjapatana. Hilo lilituuma kuliko yote.

Oktoba, Mjomba alimpigia simu binti yako Tuva. "Nipeleke nikaone alichotaka nione." Wakaenda kwenye hifadhi ya mimea mikavu ulikofanya kazi, wakaletewa karatasi yenyewe uliyoubandika mmea ule. Chini ya mmea ilikuwapo lebo yako ya kwanza, Eskilia, kwa mwandiko wa ujana wako. Huko lebo ya zamani haibanduliwi kamwe. Anayesahihisha hubandika nyingine kando, na tarehe, basi. Yako ya pili ilikuwa hapo pembeni, ndogo, kwa mwandiko wa uzee wako.

Mjomba aliinamia lebo ya kwanza.

"Kumbe baba yupo," akasema. "Nisamehe, dada."

Sasa Tuva amehamia kwa Baba. Fundi wa jengo alipokuja kuweka jina lake mlangoni, alianza kung'oa kibao chako. Mjomba Sixten akamnyang'anya bisibisi.

"Hicho hakiguswi, bwana. Cha mtoto kiweke kando."

Unakumbukwa na mumeo Börje, binti zako Tuva na Malin, mjukuu wako Elsy, na ndugu yako Sixten, ambaye Agosti hii ndiye ataleta kamba. Sahani yako tutaiweka sisi.

Kwetu hutabanduka, Mama, daima.