Cherehani ya Bibi Imeanza Kuruka Mishono

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa unyenyekevu, nami nitajitahidi kulieleza jambo hili kwa utaratibu kama nilivyofunzwa chuoni, ingawa kadiri ninavyolipanga ndivyo linavyozidi kunivurugikia. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkazi wa Kuramae hapa Tokyo, mhitimu wa uhandisi wa mitambo mwenye shahada ya daraja la kwanza, mwajiriwa wa kampuni ya lifti tangu Aprili iliyopita. Jina langu naomba lihifadhiwe, niite Tsunehiko. Siku za mapumziko hujiburudisha kwa kushona ngozi kwa mkono, vifuko vya funguo, mikanda ya saa na kadhalika.

Mwaka mpya, tukiwa mezani tunakula mochi, yale maandazi ya mchele wa kutwangwa, mdogo wangu wa kike, ambaye Machi anamaliza shule ya msingi, aliuliza mkoba wake mwekundu wa ngozi, wa kubeba mgongoni, utakwenda wapi, ule ambao bibi yetu alimnunulia alipoanza darasa la kwanza, nami mbele ya shangazi na wajomba wote nikatangaza kwamba nitaukata na kuushona upya uwe pochi, tena kwa cherehani, kwa mishono iliyonyooka kuliko ya dukani. Bibi akacheka, "Mhandisi wetu huyo. Haya, tutaona kama ngozi nayo inasoma vyeti."

Niliandaa jedwali la cherehani kumi na moja, nikilinganisha uzito, nguvu ya mota na unene wa ngozi, nikaenda nalo kwenye duka moja la Asakusabashi, na muuzaji hata hakulifungua. "Unashona nini, bwana mdogo, pochi au matandiko ya farasi?" Nikamjibu kwamba ni pochi. "Unakaa wapi?" Nikamweleza kwamba tunaishi ghorofa ya pili ya nyumba ya mbao. "Basi ukichukua hii kubwa, majirani wa chini watakufahamu mapema." Nikatoka pale bila uamuzi, na kwa kuwa mhandisi hapaswi kuamua bila majaribio, Jumamosi moja alasiri, bibi alipokwenda bafu la mtaani, nilifunua cherehani yake, ya chuma, aliyokuja nayo alipoolewa, ambayo kila mwaka huitumia kushonea vitambaa vyekundu vya kuvalishwa shingoni sanamu za Jizo, mlinzi wa watoto, za uchochoro wetu, nikaweka ngozi ya mkanda iliyokunjwa mara nne, nikatunga uzi mnene, nikakanyaga. Ilipokwama kwenye kona niliongeza nguvu, kisha nikashika gurudumu kwa mikono miwili na kulisukuma, sindano ikagonga chuma na kukatika. Nikaweka sindano mpya, nikafuta vumbi, nikarudisha kifuniko. Kipande kilichokatika nilikificha kwenye mkebe wangu wa kalamu, kwa maana nyumbani kwetu hakuna anayetupa sindano.

Tangu siku hiyo cherehani inaruka mishono. Bibi aliniita, "Njoo unitungie uzi, macho yameanza kunikimbia." Nikamtungia, akashona, ikaruka. "Umetunga vizuri?" Nikamhakikishia kwamba nimetunga vizuri. "Basi ni mkono wangu. Chuma hiki hakijaniangusha miaka hamsini na nne." Nami, mshauri, najua fika kwamba ile ndoano ya chini inayokamata uzi haikutani tena na sindano kwa wakati wake, nikasema, "Labda ni umri, bibi."

Jumapili iliyopita alimwambia mama kwamba tarehe nane Februari, siku ya kuziaga sindano hekaluni, hatapeleka zilizovunjika tu kama kawaida. Atapeleka zote, azichomeke kwenye tofu, kile kipande laini cha maziwa ya soya, zipumzike, azishukuru, na asishone tena.

Naomba kuuliza: kwa mazingira yangu, ni cherehani ipi inayofaa kwa ngozi? Na je, nikimnunulia bibi cherehani mpya ya umeme kama zawadi, bila maelezo mengi, suala hili halitakuwa limekwisha?

Wako mtiifu,
Tsunehiko, Kuramae

MSHAURI ANAJIBU

Tsunehiko mwanangu, barua yako ina maneno mengi mazuri na neno moja baya, nalo ni hilo "labda" ulilomwambia bibi yako.

Sindano kukatika si dhambi. Nilishona mikoba miaka kumi na tisa kabla ya kupewa ukurasa huu, na nilizovunja zingejaza bakuli la wali. Naielewa pia hofu yako: ulijisifu mbele ya ukoo mzima, ukaona aibu, ukanyamaza, kimya kikakutuma mahali ambapo hukutaka kwenda. Lakini umemwacha mwanamke mwenye mikono mizima aamini kwamba mikono yake imekufa. Hiyo ndiyo hasara yenyewe, na cherehani mpya haiifuti. Ukimletea ya umeme ataishukuru, ataifunika kitambaa, na tarehe nane atakwenda zake hekaluni, kwa sababu hata zawadi yako itakuwa imemwambia kwamba amezeeka.

Sikiliza sasa. Leo hii, kabla hujakunja gazeti, nenda ukaketi mbele yake, uweke kile kipande cha sindano mezani na useme, "Bibi, ni mimi niliyeiharibu, na nilikudanganya." Usimweleze ndoano wala mitambo kabla ya kuomba radhi, wasomi mna tabia ya kujificha nyuma ya maelezo. Akikukaripia, inamisha kichwa. Kesho yake mwite fundi wa cherehani za zamani. Kurekebisha ndoano ni kazi ya asubuhi moja, na bibi awepo aone kwa macho yake kilichokuwa kimesogea.

Tuje kwenye ngozi. Muuzaji wa Asakusabashi alikuuliza maswali mawili ya maana kuliko safu zote za jedwali lako: unashona nini, na unakaa wapi. Anayeshona pochi chache kwa mwaka hahitaji cherehani ya kiwandani yenye meza yake na mota ya kutikisa nyumba ya mbao. Cherehani ya chuma kama ya bibi huweza ngozi laini ya tabaka mbili, ukiiheshimu. Punguza unene wa kingo kwa kisu kabla ya kukunja. Tumia sindano ya ngozi, yenye ncha ya kukata, na uzi unaopita kwenye tundu lake bila kusukumwa. Refusha mshono, maana matundu yakikaribiana ngozi huchanika kama stempu. Mwishoni usirudi nyuma juu ya mshono. Vuta nyuzi upande wa ndani uzifunge kwa mkono. Kwenye kona ondoa mguu kwenye pedeli, zungusha gurudumu kwa vidole viwili, na vidole viwili vikishindwa, simama. Hapo cherehani imekwambia haiwezi, nawe chukua msharasi wa kutobolea ngozi na sindano mbili umalizie kwa mkono.

Jaribu kwanza kwenye vipande, hadi uchoke, kwa sababu tundu kwenye ngozi halizibiki, na mkoba wa mdogo wako ni mmoja tu. Ukishamaliza kazi kumi na bado una hamu, hapo tafuta iliyotumika, ile ambayo mguu wake wa juu hutembea pamoja na ngozi, yenye mota ya mwendo wa pole, na uende dukani na ngozi yako mwenyewe mfukoni, iliyokunjwa kama utakavyoishona. Isipopita pale, usiibebe.

Cherehani ikishapona, usiketi wewe. Mpe bibi kiti, mpe ngozi ya mkoba alioununua mwenyewe, mwombe ashone mshono wa kwanza wa pochi, na wewe simama pembeni uzungushe gurudumu pale atakapokuamuru.

Tarehe nane nendeni pamoja. Sindano ya kuchomekwa kwenye tofu mwaka huu ni ile iliyo ndani ya mkebe wako wa kalamu. Za bibi ziacheni nyumbani. Jizo wa uchochoroni bado wanangoja vitambaa vyao.