Wino Mwekundu Kwenye Daftari la Wifi

Kwako dada yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti limeacha kukusumbua kwenye ngazi. Watoto hawajambo? Na huyo mdogo, meno yameshatoka? Sisi huku tu wazima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu moyoni siko sawa, ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata pa kukimbilia.

Wifi yangu unamjua, yule muuguzi wa wodi ya watoto anayeishi kwetu tangu mwaka jana. Amepata kazi ng'ambo, ila sharti afaulu mtihani wa Kiingereza: kusikiliza, kusoma, kuongea na kuandika, na kila sehemu asipate chini ya alama saba kati ya tisa. Shemeji yako akasema mwalimu yumo humu humu ndani, kwa nini tuhangaike nje? Nimefundisha Kiingereza miaka kumi na minane. Ningekataaje?

Basi kila alasiri akitoka zamu tulikaa kwenye meza ya chakula, yeye na daftari lake, mimi na kalamu nyekundu. Mwanzoni nilifurahi. Alibabaika, alichanganya nyakati za vitenzi, nami nikajiona mtu. Lakini yule binti ana kichwa, dada. Alikuwa anafua huku anasikiliza taarifa za habari, anarudia kila neno, mapovu yamemfika kwenye viwiko. Mwezi wa tatu wa masomo akawa anaongea bila kusita. Siku moja shemeji yako alisimama mlangoni akamsikiliza, akacheka, akaniambia nijihadhari, mwanafunzi yuko mbioni kunifundisha. Alitania tu. Mimi usingizi uliniruka siku mbili.

Unakumbuka ile kozi ya walimu niliyokuwa niende kusoma nje? Niliwaambia wote, hata wewe, kwamba imefutwa. Haikufutwa. Nilifanya mtihani huo huo, na kwenye kuandika nikapata sita. Sikumwambia mtu. Sasa hebu fikiria nimekaa na insha ya wifi mkononi, naona kwa macho yangu kwamba ameandika vizuri kuliko nitakavyoandika mimi maishani.

Majibu yake yalitoka wiki mbili zilizopita. Kusikiliza nane, kusoma nane, kuongea saba na nusu. Kuandika, sita na nusu. Alikuja jikoni akiwa bado na sare za kazi, akapiga magoti, akaniomba radhi kwa kuupoteza muda wangu. Mimi nikamshika bega, nikamwambia asijali.

Dada, alama zile nyekundu zilikuwa za uongo. Si zote, ila kuanzia siku ya ule utani, nyingi. Sentensi yake ndefu yenye mantiki niliikata vipande vitatu. Neno zuri alilolipata gazetini nililipigia mstari, nikamwambia watahini hawapendi mbwembwe. Akanisikiliza. Akaingia kwenye chumba cha mtihani akaandika kama mtoto wa darasa la tano, kwa sababu mwalimu wake alimwagiza.

Jumamosi, kaka yake akiwa kazini, nilimweleza yote. Hakulia. Alileta daftari, akalifungua, akaweka kidole kwenye wino mwekundu.

"Hii ilikuwa sahihi?"

"Ilikuwa sahihi."

"Na hii?"

"Hiyo pia."

Aliuliza ukurasa baada ya ukurasa, kwa ile sauti ya upole anayoulizia wagonjwa wanaumwa wapi. Tulipofika mwisho alilifunga. "Kumbe nilikuwa najua, wifi," akasema, akaenda zake kuoga.

Amejiandikisha tena. Sasa anasoma na mfamasia wa pale hospitalini, barazani kwetu. Ananiamkia kila asubuhi kama zamani. Hajamwambia kaka yake kitu. Hilo ameniachia mimi, na mpaka leo bado sijapata ujasiri. Nikiwasikia huko nje wanacheka kwa Kiingereza, ningependa kukuambia kwamba najuta tu. Najuta, ndiyo. Lakini roho bado inaniuma kwa wivu, dada, vile vile kama mwanzo.

Nisalimie shemeji na watoto wote. Mama msomee habari za afya tu, haya mengine ubaki nayo. Na ukinijibu, usinionee huruma.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku