Nyumba Iliyomtoa Bibi Arusi Ndani

...kwa hiyo ndiyo, Mama, shangazi hakukudanganya. Nilitoka. Simu ilikatika ndiyo kwanza naanza kukueleza, na nilipopiga tena hukupokea, nikajua umeudhika. Basi nimeona niandike, maana barua haikatiki katikati. Dereva wa teksi anayetoka hapa Jinja kuja Mbale kesho ameniahidi ataifikisha mpaka mlangoni kwako Namatala.

Lakini kwanza nikuamkie kama unavyostahili. Shikamoo, mama yangu mpenzi. Goti linakusumbua bado? Na mvua hizi, maji yameingia tena chumbani au mmewahi kuziba kwa mifuko ya mchanga? Mimi ni mzima, nimenenepa, na mume wangu Ramadhani ananitunza mpaka naona haya mbele ya mama yake. Mama, sikujua mtu anaweza kufurahi hivi kila siku bila kuchoka!

Sasa nisikilize. Nilikuwa nimetulia kwa mama mkwe wangu, Hajati, nikishika mila yetu sisi Wanubi barabara. Nafukizwa udi, napakwa mafuta, nalishwa, wala sijakanyaga nje, nikingoja siku arobaini zitimie uje mwenyewe kuninawisha miguu na kunivusha kizingiti. Siku ya ishirini na mbili, mchana, Ramadhani akaingia mbio kutoka kwenye cherehani yake pale barazani mjini, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Hawa! Tumeipata!"

Kumbe kabla hata hajaja kunichumbia, alikuwa ameandikisha jina kwenye zile nyumba ambazo baraza la jiji limewajengea watu kama sisi, tunaopanga chumba kimoja kimoja. Hakuniambia, aliogopa kunipa ndoto tupu. Majina yalichaguliwa kwa kura ukumbini, mbele ya watu wote, na lake likatoka. Nililia, Mama. Nikamshika mikono nikalia.

Halafu akasema lililobaki. Ufunguo unatolewa kesho yake asubuhi, na lazima mume na mke wafike wote wawili, na vitambulisho vyao, waweke sahihi na kupigwa picha. Asiyefika, nyumba inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha, na orodha ni ndefu. Alikuwa ameshambembeleza karani, akamwambia mkewe ni bibi arusi, yuko ndani. Karani akamjibu, "Bwana, nyumba haiwezi kwenda kwa bibi arusi. Bibi arusi ndiye aje kwenye nyumba."

Hajati alikuwa mkekani anachagua mchele. Hakuinua hata uso.

"Hatoki."

"Mama, ni nyumba!"

"Nimesikia. Hata ingekuwa ikulu. Mama yake alinikabidhi mtoto na siku zake arobaini. Nitamtazama kwa macho gani yule mwanamke wa Namatala?"

Unaona anavyokuheshimu? Tulikupigia alasiri, tukapiga magharibi, simu yako haipatikani. Baadaye ndipo tukasikia umeme kwenu ulikatika siku mbili. Ramadhani hakula. Alikaa tu anaizungusha ile futi kidoleni, na mimi nikawa namwangalia na moyo unaniuma, kwa sababu hakunilazimisha, Mama. Aliniambia, "Ukisema tusiende, hatuendi. Nyumba nitaitafuta tena, wewe sitakupata tena." Niambie, kuna mwanamume mwingine wa hivyo Jinja nzima?

Asubuhi Hajati aliswali, akakunja msala, kisha akamwita mwanawe.

"Hiyo nyumba itaandikwa jina la nani?"

"Langu na la Hawa. Ndiyo maana wanamtaka."

"Na la Hawa?" Akatuangalia sote wawili. "Jina la mwanamke, kwenye karatasi ya nyumba?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi hatoki," akasema. "Bibi arusi anaingia kwake. Nileteeni gurbaba yangu mpya."

Ungeona! Nilifunikwa lile shuka la gurbaba gubigubi, nikaona miguu yangu tu. Wanawake wa jirani wakaja na chetezo na ngoma, tukajazana kwenye gari la kukodi, vigelegele mpaka langoni. Askari wa lango akashangaa. "Hajati, hapa ni kuchukua funguo, si harusi."

"Afande, wewe umeoa?"

"Bado."

"Ndiyo maana hujui. Tupishe."

Hata karani alicheka mpaka akaangusha kalamu. Nilifunuliwa uso kidogo kwa ajili ya picha, nikaandika sahihi yangu. Nilikukumbuka wewe, Mama. Tumehama vyumba vingapi mimi na wewe, Namatala na Malukhu na kurudi Namatala, kila mara mwenye nyumba anaamka asubuhi anataka chumba chake? Hakuna karatasi hata moja iliyowahi kuandikwa jina lako. Nami naandika langu, mtoto niliyeishia kidato cha nne, watu wakinisubiri nimalize.

Nyumba yenyewe iko ghorofa ya tatu. Ya tatu! Walipojenga walikumbuka hata wazee, wakawawekea vyumba vya chini wasipande ngazi. Kuna bibi mmoja muuza samaki, hana mguu mmoja, amepewa mlango unaofunguka moja kwa moja uani. Nilipochungulia chini ya gurbaba nikamwona ameketi kizingitini pake anachomwa na jua, kwa furaha hataki kuingia kivulini, nilishindwa kupita.

Huku juu, Hajati alifungua bomba la jikoni, maji yakatoka. Akafunga. Akafungua tena. "Maji haya," akauliza, "yamepandaje ngazi zote zile?" Sote tulikuwa tunayatazama. Choo kimo ndani, kina mlango wake. Sakafu haina ufa. Mvua ilinyesha usiku ule wa kwanza nikashtuka, nikaanza kunyanyua vitu kutoka chini, Ramadhani akanishika mkono akanipeleka dirishani. Mvua ilikuwa huko nje, Mama, na sisi tulikuwa ndani, na hakuna tone lililotufuata. Ameshona pazia na kutarizi jina langu kwenye upindo. Eti jua likiingia lijue limebisha hodi kwa nani.

Lakini sikiliza hili. Tulipofika mlangoni, wale wanawake walimletea Hajati birika aninawishe miguu nivuke. Akakataa mbele ya wote. "Hiyo kazi ina mwenyewe. Mwenyewe yuko Mbale." Wakanibeba, wakanivusha nikiwa juu juu kama gunia la mpunga, na tangu siku ile sijatoka. Arobaini zangu nazimalizia humu humu, kwangu. Haki yako hakuna aliyeigusa. Nimekosa kutoka bila wewe kujua, naomba radhi kwa magoti, lakini sikuweza kuiacha nyumba hii iende. Usiniambie ungeiacha wewe.

Nisalimie shangazi Zainabu, aliyenifundisha kupika na sasa ananisema; mwambie simkasirikii. Nisalimie kaka Abdu fundi wa baiskeli, na mdogo wangu Aisha, asome, asikimbilie kuolewa kwa sababu ya barua hii. Hajati anakusalimu sana, na mkwe wako anakuamkia kwa adabu zote.

Siku zangu zinatimia wiki ijayo. Usipande wewe gari na goti hilo. Tunakuja sisi, mimi na Ramadhani, kabla mwezi huu haujaisha. Ukiwa bado umekasirika, nisubiri mlangoni na hasira yako yote na birika la maji, nami nitavua viatu.

Mwanao akupendaye,
Hawa